Tanuri lililotoka jasho: niliyoyaona kwenye plasta, rangi na chokaa

Kila anayeingia uani kwetu huligusa tanuri kwanza, kisha huuliza nimelipaka rangi gani. Si rangi. Ni chokaa, mipako saba myembamba, na chini yake plasta ya chokaa iliyolowanishwa asubuhi na jioni kwa wiki tano. Nimeamua kuandika habari yake yote kwa sababu mwezi uliopita dada mmoja wa Mokowe alinipigia simu analia. Tanuri lake lilikuwa limepasuka vilevile langu lilivyopasuka, na alikuwa ameshanunua kopo la pili la rangi ya kuzuia maji ili aufunike ufa. Nilimwomba alirudishe dukani asilifungue.

Mimi naoka boflo na mkate wa sinia hapa Lamu, upande wa Langoni. Kwa miaka nilioka kwa kupalia makaa juu na chini ya sufuria, mikate michache kwa wakati, macho yamewaka kwa moshi. Mume wangu ndiye aliyesema tujenge tanuri la matofali la kuba, uani, mahali palipokuwa na banda la kuku. Tulianza Februari 2024, Ramadhani ikiwa imebakia majuma matatu. Haraka hiyo ndiyo mama wa makosa yote nitakayoyataja.

Gharama nitazisema wazi kwa sababu mimi sikupata mtu wa kunitajia. Matofali ya kuchoma 260 yalitoka bara kwa lori hadi Mokowe, yakavuka kwa mashua, yakapandishwa vichochoroni kwa punda, na hadi yanashushwa uani kila moja lilikuwa limenigharimu shilingi 45. Matofali 30 ya kustahimili moto kwa ajili ya sakafu, shilingi 220 kila moja. Saruji mifuko sita kwa 950. Fundi siku tano kwa 1,500, msaidizi wake 800. Dohani ya bati 2,500. Jumla shilingi 38,000. Msingi tuliujenga kwa mawe ya Manda yaliyobaki kwenye ukuta wa ua, hayo hatukuyanunua. Fundi alitaka hata sakafu aitandike mawe hayohayo ya matumbawe ili tupunguze gharama. Hapo baba yangu alikataa, na alikuwa na haki: jiwe la matumbawe ndilo linalochomwa kupata chokaa, na likikaa chini ya moto mwaka baada ya mwaka huanza kumeguka na kuwa unga chini ya mikate.

Kuba lilisimama vizuri. Mpaka hapo sina lawama. Mambo yaliharibika tulipofika kwenye nguo ya nje.

Mchanga wa plasta niliupata bure. Kijana wa jirani alinijazia magunia ufuoni, nikamshukuru kwa chai. Mchanga wa ufuoni si wa kuchukuliwa ovyo, hilo nalijua sasa, lakini hapa nazungumzia chumvi yake. Chumvi iliyomo ukutani hunyonya unyevu wa hewa usiku, na mchana ukikauka hutoka juu ikawa unga mweupe, huku inasukuma kila kilichopakwa mbele yake. Plasta yenyewe ilichanganywa saruji nyingi, mfuko kwa mchanga kidogo, kwa imani kwamba saruji nyingi ndiyo nguvu. Ikapigwa moja kwa moja juu ya matofali ya kuba. Hapakuwa na tabaka lolote kati ya joto la ndani na ganda la nje.

Sasa fikiria. Ukuta wa matofali wa urefu wa mita moja ukipashwa moto wa nyuzi 400 hurefuka kama milimita mbili. Ni kitu kidogo kukitazama kwa jicho, lakini ganda gumu la saruji lililokumbatia kuba halina pa kuzipeleka milimita hizo. Matofali yakitanuka, ganda litapasuka tu. Haikuwa suala la ikiwa, ilikuwa suala la lini.

Plasta ilikamilika saa tano asubuhi, jua la Februari liko utosini na kaskazi inavuma. Fundi akanawa mikono akaenda zake. Jioni uso wote ulikuwa na nyufa nyembambanyembamba kama wavu wa kuvulia dagaa. Kesho yake akaja kuzifuta kwa uji wa saruji, akaniambia rangi itaziba zilizobaki. Nikanunua rangi ya mafuta ya lita nne, ya malai, inayong'aa, shilingi 3,400. Nilipomaliza kupaka nilisimama mlangoni nikalitazama tanuri langu kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Lilikuwa zuri. Majirani walikuja kuliona.

Niliambiwa niwashe moto mdogomdogo kwa juma zima kabla ya kuoka. Niliwasha siku mbili. Nilikuwa nimeshapokea oda ya boflo sitini za futari kwa ajili ya Ramadhani tatu, na pesa nilikuwa nimezitia mkononi.

Siku hiyo niliupalia moto tangu saa sita mchana, kuni za mkoko, moto mkali. Kufika alasiri rangi ilianza kufanya malengelenge, kama ngozi iliyomwagikiwa maji moto. Nililibonyeza moja kwa kidole, yakatoka maji ya uvuguvugu. Kisha tanuri likaanza kutoka jasho: matone yanateremka kwenye pembe za mdomo, mvuke unafuka kwenye nyufa. Halafu nikasikia mlio mkavu, kama mtu amevunja ubao wa mwanafunzi wa chuoni, na kipande cha plasta ukubwa wa sahani kikaanguka miguuni pangu. Ufa ulikuwa umetoka mdomoni ukapanda hadi kwenye dohani. Kidole changu cha mwisho kiliingia.

Nilirudisha pesa za mikate arubaini. Ishirini iliyotoka ilikuwa myeupe juu na mbichi katikati, nayo pia sikuiuza. Mama alinikuta nimekaa juu ya ndoo nalia, adhana ya magharibi inasomwa. Akanipa tende akaniambia, "Fungua kwanza, mwanangu. Tanuri ni udongo, litarudi."

Nimelielewa baadaye jambo lililotokea ndani ya ukuta ule. Matofali tuliyaloweka kabla ya kujenga, udongo wa kuunganishia ulikuwa na maji, plasta ilikuwa na maji. Kuba dogo kama langu hubeba ndoo kadhaa za maji ambayo macho hayayaoni. Kikombe kimoja cha maji kikigeuka mvuke hudai nafasi ya vikombe zaidi ya 1,600. Mvuke huo ulikuwa unatafuta pa kutokea, na mimi nilikuwa nimeufungia mlango kwa rangi ya mafuta.

Ningeliacha pale, hasara ingekuwa ndogo. Nikafanya kosa la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu nililifanya kwa utulivu, baada ya Idi, nikiwa na nafasi ya kuuliza. Niliuziba ufa kwa saruji tupu, nikaupaka rangi nzito ya mpira ile ya kuzuia maji ya paa, makopo mawili. Nilijiambia masika inakuja, lazima nifunge kila tundu.

Masika ya 2024 ndiyo ile mvua iliyofurika mito nchi nzima. Tanuri langu lilikuwa wazi, halina paa. Ufa ukafunguka tena upande wa saruji mpya kwa sababu matofali yaliendelea kutanuka na kusinyaa kila nilipowasha, na maji yakaingia kwa uzi huo mwembamba. Yakishaingia hayakutoka. Mwezi wa saba, mvua zimekwisha, bado msingi ulikuwa na ukungu wa kijani na mikate haipati rangi. Kuni nilizokuwa nikitumia kwa siku mbili sasa ziliisha kwa siku moja. Sikujua sababu. Sababu ni kwamba moto wa saa mbili za mwanzo wote ulikuwa unachemsha maji ya ukutani kabla ya kuanza kupasha matofali. Ikiwa tanuri lako linakula kuni kuliko zamani, shuku unyevu kabla hujaulaumu mti.

Kuna njia rahisi ya kujua. Bandika kipande cha nailoni ukubwa wa kitabu ukutani, ukifunge kingo zote kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ukiache usiku kucha tanuri likiwa la uvuguvugu. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado una maji na hupaswi kuupaka kitu chochote. Ila nailoni hiyo ibandikwe penye plasta tupu, maana juu ya rangi haitakuambia kitu. Kwangu ilinibidi nibandue rangi kwanza, na asubuhi nailoni ilikuwa imelowa chapa.

Aliyenifundisha jambo hilo ni mzee mmoja fundi wa chokaa, ambaye mwezi wa nane alikuja kutengeneza zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba ya jirani. Alipita uani kuomba maji ya kunywa, akalizunguka tanuri mara mbili, akaligonga kwa kifundo cha kidole akisikiliza. Kisha akasema kwa Kiamu chake, "Mai umeyapa ndia ya kungia. Ya kutokea i wapi?" Yaani, maji nimeyapa njia ya kuingia, je, ya kutokea iko wapi?

Sikuwa na jibu. Nikamwomba aketi, nikamsimulia yote.

Alinichukua kutembea vichochoro vya Mkomani akinionyesha kuta. Zile za zamani zilizopigwa plasta ya chokaa, ukizigusa ni kavu, na panapobanduka hubanduka unga tu. Zile zilizokarabatiwa kwa saruji na rangi ya mafuta zimevimba chini, zinatoa chumvi, na nyuma ya ganda jiwe lenyewe linaliwa. Ngome yetu iliyokamilika 1821 imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, imepigwa na masika miaka mia mbili. Akaniambia ukuta wa chokaa hunywa maji mvua ikinyesha na huyatema jua likitoka. Kazi ya mwenye nyumba ni kuuacha ufanye hivyo.

Tulianza upya, na safari hii sikumharakisha.

Kwanza tulibandua kila kitu mpaka kwenye tofali, siku mbili za nyundo na patasi. Tofali likaachwa uchi wiki tatu. Nilikuwa nawasha moto mdogo kila alasiri, vijiti na makumbi ya nazi tu. Kipimo chake kilikuwa mkono: siku tano za mwanzo niweze kuweka kiganja juu ya kuba na kukiacha pale nikihesabu hadi ishirini bila kuungua. Baadaye moto uliongezwa kidogokidogo. Asubuhi nilikuwa natazama mlango wa bati wa tanuri upande wa ndani. Siku ulipokuwa mkavu mara tatu mfululizo ndipo alipokubali kuendelea.

Wakati huohuo mume wangu alisimamisha paa. Nguzo nne za boriti za mikoko na mabati juu, shilingi 9,500, na dohani ikatolewa nje kupitia kola ya bati. Makuti yangependeza zaidi na ni rahisi, lakini makuti juu ya cheche hapana, hasa katika mji ambao nyumba zimepakana hivi. Nataka nilitie mkazo hili la paa. Nilitumia karibu shilingi 7,000 kwenye makopo matatu ya rangi nikitafuta kuzuia mvua, na mabati ndiyo yaliyoizuia.

Juu ya matofali tuliviringisha karatasi ya alumini ya kupikia, ili matofali yapate kuteleza chini ya tabaka la juu bila kulivuta. Kisha likaja koti nene la vidole vinne: udongo mwekundu wa bara, majivu yaliyochungwa, maranda ya kwa seremala na nyuzi za makumbi zilizokatwakatwa. Koti hili ndilo linalozuia joto lisifike nje. Nalo likakaushwa kwa moto mdogo, siku kumi na mbili, likapasuka nyufa tukazijaza kwa udongo uleule. Kuzunguka mdomo na dohani tuliacha nafasi ya upana wa kijiti cha kiberiti, tukaijaza majivu na udongo laini, kwa sababu hapo ndipo joto linapotoka na ndipo ufa huanzia.

Mchanga safari hii ulitoka bara. Mzee alitia gao moja kwenye chupa ya maji, akaitikisa, akaiacha itulie. Alitazama tope lililolala juu ya mchanga, lilikuwa jembamba kama ukucha, akaridhika. Kisha akachovya kidole kwenye yale maji akaonja. Chumvi hakuna. Hata maji ya kuchanganyia alikataa ya kisima chetu cha nyuma, yana chumvichumvi, tukatumia ya mfereji.

Chokaa aliizima, yaani aliichanganya na maji, mwenyewe kwenye pipa, na hapa tafadhali nisikilizeni. Chokaa isiyozimwa ikitiwa maji huchemka kweli, hutoa mvuke na kuruka. Funga watoto ndani. Vaa miwani, glavu na nguo ya mikono mirefu. Tia chokaa kwenye maji, usimwage maji juu ya lundo la chokaa. Likikuingia tone jichoni, osha kwa maji mengi safi bila kusita na uende hospitali hata kama maumivu yamepoa. Mimi siku ya pili niliona glavu zinanichelewesha nikazivua, na ngozi ya vidole vitatu ilinitoka. Nilishindwa kukanda unga siku tisa.

Mchanganyiko ulikuwa chokaa ya uji mzito debe moja, mchanga madebe mawili na nusu, na nusu debe la vumbi la matofali ya kuchoma tuliyoyatwanga na kuyachunga. Hilo vumbi huifanya chokaa ishike hata penye unyevu na iwe ngumu mapema. Tukafunga wavu wa waya wa banda la kuku juu ya koti la udongo, tukapiga plasta mara mbili. Kila mara unene haukuzidi kidole cha mwisho, na kati yake siku kumi. Ya kwanza ilichorwa mistari kwa msumari kabla haijakauka ili ya pili ipate pa kushika.

Tulipiga baada ya alasiri, kwenye kivuli, na magunia yaliyolowa yakatundikwa kuzunguka bila kuigusa plasta. Asubuhi yake nyufa ndogo zilionekana. Nilishtuka. Mzee akachukua kibao cha mbao, akairushia maji kwa brashi, akaikanda kwa duara mpaka nyufa zikafunga. Saruji haikupi nafasi hiyo, chokaa inakupa siku moja au mbili. Kisha nikaachiwa kazi ya kulowanisha: maji ya kunyunyiza, si ya kumwaga, asubuhi na jioni, wiki tano. Chokaa haigandi kwa kukauka. Inagandishwa na hewa, inairudisha polepole ile hewa ya kaboni iliyofukuzwa na moto wakati jiwe lilipochomwa, na ikikauka haraka kazi hiyo hukatika njiani ikabaki unga. Wiki hizo tano zilikuwa ndefu kwangu kuliko ujenzi wote. Wateja walikuwa wanauliza kila siku. Sikuwasha moto hata mara moja.

Kwenye kuziba sasa. Wakati wa kuzima pipa la mwisho mzee alitia vipande vya shahamu ya ng'ombe, kama ngumi moja kwa debe, chokaa ikiwa inachemka. Mafuta huyeyuka na kuungana na chokaa, na maji ya mvua yakidondokea juu yake huteleza, lakini mvuke wa ndani unapita. Tukachuja kwa kitambaa, tukaipunguza mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. Mpako wa kwanza ukipakwa hauonekani, utadhani umepaka maji. Usiogope wala usiongeze uzito. Unapokauka huwa mweupe. Nililowanisha ukuta kwanza, nikapaka mwembamba, nikasubiri siku nzima, nikarudia. Mpako wa nne niliupaka mzito kwa uchoyo wa kumaliza, ukatoka magamba ikabidi niukwangue. Miwili ya mwisho tulitia udongo mwekundu uliochungwa, ndiyo rangi inayoulizwa na wageni.

Wako wanaoniuliza kuhusu dawa za dukani. Zipo zinazonywewa na ukuta bila kuufunga, zenye kemikali iitwayo siloksani, na sizipingi kwa tanuri lisiloweza kuwekewa paa. Muulize muuzaji swali moja: mvuke unapita? Akijibu kwamba haipitishi kitu chochote, hiyo si ya tanuri. Na hata iliyo nzuri ipakwe baada ya nailoni kutoka kavu, si siku moja kabla.

Marekebisho yote yalinigharimu shilingi 22,500: paa lile la 9,500, mzee siku nne 6,000, chokaa magunia manne 2,800, mchanga na punda 2,400, wavu 1,800. Kama ningeanza hivi, ningeokoa rangi, saruji ya plasta na Ramadhani nzima ya biashara.

Nilioka tena Desemba 2024. Moto ukiwa mkali ndani, mjukuu wa dada yangu anaegemea tanuri kwa nje akisubiri boflo ya kwanza. Ramadhani ya 2025 nilitoa boflo mia moja na ishirini kwa siku, na kuni zikarudi kutosha siku mbili kama zamani. Masika ikapita, nikabandika nailoni, ikatoka kavu. Kila mwaka kabla ya masika napaka mipako miwili ya chokaa, kazi ya jioni mbili.

Ufa mmoja ulitokea, juu ya pembe ya kulia ya mdomo, mwembamba kama uzi. Hufunguka tanuri likiwa la moto na hufunga likipoa. Mzee alinikataza kuuziba. Akanipa penseli, nikaweka alama pale ulipokomea na nikaandika tarehe, Januari 2025. Natazama kila Ijumaa ninapofagia majivu. Bado haujaivuka alama.